Anayeogopa Ulingo Si Mwoga

Mhadhara kwa makocha, wazazi na vijana wa ndondi, Katuba, Lubumbashi

Jambo yenu wote. Wazee wangu, mama zangu, makocha wenzangu, na ninyi vijana mliokuja moja kwa moja kutoka mazoezini, aksanti kwa kufika. Mmeniomba niongee juu ya kichwa cha mwanandondi. Nitaongea zaidi juu ya woga, maana ndio tunaouonea haya, na nadhani haya hiyo inatuharibia vijana kuliko ngumi zenyewe.

Mtazameni kijana dakika 20 kabla ya kuitwa ulingoni. Mikono imeshafungwa bandeji. Anapiga miayo, mtu anadhani ana usingizi. Ametoka chooni sasa hivi na anataka kurudi. Midomo imemkauka, vidole ni vya baridi ingawa ni Oktoba na jua la Lubumbashi linachoma. Mama yake anasema mwana hajagusa bukari, yaani ugali, tangu asubuhi. Hapo kocha anamwuliza mbele ya wenzake: "Unaogopa? Wewe mwanaume gani?"

Hebu tuone mwili wake unafanya nini. Ubongo umeona hatari, umeziamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage adrenalini kwenye damu. Moyo unakwenda mbio. Damu inapungua kwenye ngozi na tumboni, inapelekwa kwenye misuli mikubwa ya mapaja na mabega. Ndiyo maana vidole vimepoa na chakula hakishuki. Yote hayo ni matayarisho ya kupigana. Kijana hana kasoro yoyote, mwili wake umeanza kazi mapema tu. Ukimwita mwoga, unamwanzishia pambano la pili ndani ya mwili wake mwenyewe, na nguvu za kupambana na aliye mbele yake atazitoa wapi?

Cus D'Amato wa Marekani, kocha aliyewalea Floyd Patterson na Mike Tyson, alikuwa akiwaambia vijana wake kuwa woga ni kama moto: ukiutawala unakupikia chakula, ukikuponyoka unateketeza nyumba. Hakumwambia mtu aache kuogopa. Aliwaeleza mapema watakavyojisikia, ili siku ya pambano wasishtuke.

Huyo Patterson anafaa tukae naye kidogo. Alitwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa juu mwaka 1956 akiwa na miaka 21. Juni 1959 Ingemar Johansson wa Uswidi alimwangusha mara 7 katika raundi ya tatu, na kila mara mtu yule aliinuka hadi mwamuzi akasimamisha. Mwaka uliofuata alimpiga Johansson, akawa wa kwanza katika historia kurudisha ubingwa wa uzito huo. Nani atamwita mwoga? Lakini Septemba 1962, Chicago, Sonny Liston alimmaliza katika raundi ya kwanza, na usiku ule Patterson akatoroka mjini amevaa ndevu za bandia asitambulike. Ndevu zile hakuzitafuta baada ya kipigo. Alikuja nazo. Mtu aliyeinuka mara 7 hakuwa anaogopa ngumi za Liston. Alikuwa anaogopa macho ya watu. Macho hayo ni yetu sisi tunaokaa chini ya ulingo, tunaomzomea mtoto wa jirani akianguka na kumpa jina la utani ambalo litamfuata mtaani miaka mingi.

Sasa nimtaje mwana wa mji huu. Sumbu Kalambay alizaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1956, akaenda kujenga jina lake Italia. Mwaka 1987 alimshinda Iran Barkley huko Livorno, akawa bingwa wa dunia wa uzito wa kati wa WBA, mojawapo ya vyama vinavyotoa mikanda ya dunia. Machi 1988 akamshinda Mike McCallum, mtu ambaye hakuwa amewahi kushindwa. Mwaka mmoja baadaye, Las Vegas, Michael Nunn alimlaza kwa mkono wa kushoto kabla sekunde 90 hazijatimia. Mbele ya dunia nzima! Wangapi wetu tungesema huyo amekwisha? Mwaka 1992, mwaka aliotimiza miaka 36, alimshinda Herol Graham, kisha Steve Collins, na Collins huyo baadaye akawa bingwa wa dunia. Ningependa kila kijana wa mitaa yetu ya Katuba, Kenya na Ruashi aijue habari ya Kalambay yote, na hasa ile sehemu ya Las Vegas.

Wazee mnangoja nimtaje Muhammad Ali. Tarehe 30 Oktoba 1974, Kinshasa, uwanja wa 20 Mai ambao leo ni Tata Raphaël. George Foreman, bingwa aliyepigana naye usiku ule, alikuwa amewamaliza Joe Frazier na Ken Norton, kila mmoja katika raundi ya pili, na wote wawili walikuwa wamewahi kumshinda Ali. Watu hupenda kusema Ali hakuwa na woga. Mimi namwona mtu mwenye kazi ya kufanya kila sekunde: kuegemea kamba, kuziba uso, kumvuta mwenzake shingo, kumsemesha sikioni, kisha kurusha ngumi za haraka raundi inapoelekea kwisha. Foreman alikuja na mpango mmoja, kupiga mpaka mtu aanguke. Mtu hakuanguka, mikono ikachoka, na raundi ya nane akaanguka yeye.

Kwa hiyo makocha, woga wa kijana upeni kazi. Dakika ya mapumziko kati ya raundi tunaiharibu sana. Kijana anakaa, na watu watatu wanampigia kelele kwa pamoja: kocha, kaka yake, na rafiki aliyepanda kwenye kamba. Mwacheni kwanza apumue. Avute hewa kwa pua, aitoe polepole kwa mdomo, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, maana ndiko kunakoutuliza moyo. Anywe maji kidogo. Kisha mtu mmoja ampe jambo moja linalotendeka: "Kushoto kwanza, halafu toka upande wa kulia." Ukimwambia "usiogope" hujampa kitu cha kufanya.

Na hayo yafanyiwe mazoezi. Mfungeni kijana bandeji, akae benchi dakika 20 bila kufanya lolote, kisha apande kufanya sparingi, yaani pambano la mazoezi, mbele ya wenzake wanaopiga makelele. Afanye hivyo mara nyingi, polepole, mpaka mapigo yale ya moyo yawe kitu anachokijua.

Kuna jambo la dawa za kufungwa kiunoni, na la maombi pia. Maombi yanamtuliza mtu, nami sina ugomvi nayo. Lakini nimeona kijana aliyepoteza kamba yake ya dawa chumba cha kubadilishia nguo, akapanda ulingoni ameshashindwa. Kocha anayempa kijana kitu cha namna hiyo anamnyang'anya miezi yote ya mazoezi.

Mwisho, na wazazi nisikilizeni hapa. Kijana akipigwa akapoteza fahamu, kisha wiki mbili baadaye anasitasita, anafumba macho ngumi ikija, halali vizuri, anakasirika ovyo, anasahau alichotumwa dukani, msiseme ameingiwa na woga. Hizo zinaweza kuwa dalili za ubongo ulioumia. Hapo matusi hayasaidii, na kumrudisha kwenye sparingi "ili azoee" kunaweza kumwua. Kanuni za kimataifa za ndondi za ridhaa zimetaka aliyemalizwa kwa ngumi za kichwa, hata bila kupoteza fahamu, apumzike angalau siku 30; aliyepoteza fahamu, muda mrefu zaidi. Akimalizwa hivyo mara mbili ndani ya miezi 3, angalau siku 90. Mara tatu ndani ya miezi 12, mwaka mzima. Na siku hizo sparingi nayo imekatazwa, si mapambano tu. Aonwe na daktari kabla ya kurudi. Kila klabu iwe na daftari lenye tarehe hizo, na mzazi aruhusiwe kulifungua. Kocha atakayeniambia kwamba hana kijana mwingine wa uzito ule kwa pambano la Jumapili, nitamjibu alifute pambano.