Kazi: Mama wa Nyumbani

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu, akina mama mliosafiri kutoka mbali kuja hapa Kisumu, na nyote mliohudhuria, hamjambo.

Nimealikwa nizungumze juu ya maisha ya mama wa shambani, na nadhani walionialika walitarajia nimsifu. Sitamsifu sana. Huku kwetu magharibi mama husifiwa siku moja tu, siku ya maziko, na sifa zenyewe zinafanana kiasi kwamba ukiuchukua wasifu wa marehemu mmoja ukabadilisha jina na tarehe, unaweza kuusoma katika matanga ya mwingine na waombolezaji wasigutuke. Alikuwa mcha Mungu, mkarimu, mvumilivu, alijitolea kwa ajili ya watoto wake. Maneno hayo yote ni ya kweli, nami sina ugomvi nayo, ila hayasemi alifanya nini.

Mama yangu alipofariki, sisi watoto wanne tuliketi chini ya mwembe kuandika wasifu wake, maana mchapishaji wa vijitabu vya mazishi alikuwa akitungoja Bungoma mjini. Wasifu wa baba, aliyetangulia, ulikuwa umejaza kurasa mbili: alivyoajiriwa katika reli kule Nakuru, alivyopandishwa cheo, alivyostaafu. Wa mama ulipofika kwenye neno "kazi", kaka yangu mkubwa akaandika bila kusita, "mama wa nyumbani." Dada yetu, aliyekuwa kando akichambua mchele wa wageni, hakuinua macho. Aliuliza tu: "Nyumbani wapi? Mama alikuwa anaingia nyumbani saa ngapi?" Ninayoyasema leo ni jaribio la kulijibu swali hilo, nami nimechelewa kulijibu.

Shamba letu lilikuwa la ekari tano, na hati yake ilikuwa na jina la baba. Baba aliishi Nakuru, kama walivyoishi wanaume wengi wa rika lake waliotoka huku kwetu kwenda kutafuta mshahara Nakuru, Nairobi au kwenye mashamba ya chai ya Kericho, na alirudi Desemba. Kwa miezi kumi na mmoja ya mwaka, basi, shamba lilikuwa na msimamizi mmoja, na msimamizi huyo hakuwa na mamlaka. Ndama akitakiwa kuuzwa, ilibidi barua iandikwe. Mama hakujua kuandika. Mimi ndiye niliyekuwa karani wake tangu darasa la nne, nikiyaandika kwa mkono wa kitoto mambo ya mtu mzima. Jibu lilichukua wiki mbili au tatu, na mara nyingi lilikuwa fupi: "Mama watoto, ng'ombe usiuze hadi nije." Kufikia hapo bei sokoni ilikuwa imekwisha kushuka. Nimewahi kuwasikia wataalamu wakilalamika kwamba mkulima mdogo ni mzito wa kuamua, na kila mara nimetamani kuwaomba wahesabu na siku za posta.

Miwa ilipoenea katika ukanda wa Kakamega na Bungoma miaka ya sabini, baba alitia sahihi mkataba wa kuipanda kwenye ekari tatu kati ya zile tano. Wanaoijua miwa wanajua kwamba huku kwetu hukaa shambani kati ya miezi 18 na 24 kabla ya kukatwa, na ikishafunga, hakuna mmea wa chakula utakaoota chini yake. Kwa hiyo mtu mmoja alitia sahihi akarudi kazini Nakuru, na mwingine akabaki na ekari mbili za kulisha vinywa sita, pamoja na kinywa cha nyanya yetu ambaye hakula mahindi ya kununua. Palizi ya miwa ilikuwa ya mama. Malipo yalikuwa ya mwenye mkataba. Yalipotoka malipo ya kwanza, baada ya kuondolewa gharama za kulimiwa, mbegu, mbolea, ukataji na usafirishaji, karatasi tuliyoletewa ilionyesha kuwa sisi ndio tunaodaiwa. Mama aliifunga karatasi ile kwenye pindo la leso, akatembea hadi ofisini kuuliza imekuwaje. Karani alimwuliza mwenye mkataba yuko wapi. Alipojibu kwamba yuko Nakuru, akaambiwa amngoje.

Alichokifanya kwenye ekari mbili zilizobaki ndicho ninachotaka kukaa nacho kidogo. Mahindi chotara ya 611 yalitolewa Kitale mwaka 1964, na kufikia utoto wangu kila bwana shamba aliyahubiri. Mama aliyapanda, lakini hakuyapanda kote. Robo ya shamba aliiachia mahindi ya kienyeji, ambayo mbegu zake zilining'inia juu ya meko zikiwa bado ndani ya maganda, zikila moshi mwaka mzima hata fukusi akazikimbia. Bwana shamba aliuona huo kuwa ushamba. Lakini kulikuwa na jambo ambalo yeye hakuliingiza katika hesabu: mahindi chotara lazima ununue mbegu upya kila msimu, kwa kuwa ukizirudisha punje zake shambani mavuno hupungua, na pesa za kununulia zilitegemea barua ya Nakuru. Mbegu ya juu ya meko haikutegemea barua ya mtu.

Kulikuwa na kayongo pia, na wenyeji wa hapa Kisumu mnalijua gugu hilo kwa jina hilo hilo. Ua lake la zambarau linapendeza, lakini chini ya ardhi mizizi yake huwa imekwisha kuyanyonya mahindi kabla hujaliona juu. Mmea mmoja hutoa maelfu kwa maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, ambazo zinaweza kulala udongoni zaidi ya miaka kumi zikiyangoja mahindi. Mama aliling'oa kabla halijatoa maua, akalichoma badala ya kulitupa ukingoni mwa shamba kama walivyofanya majirani, na pale lilipozidi alipanda njugu au kunde kwa misimu miwili. Nilipomwuliza sababu alisema kwamba kayongo ni mlafi wa mahindi, ukimnyima atachoka. Miaka mingi baadaye nilisoma maelezo ya watafiti nikakuta alikuwa amepata nusu yake: mizizi ya baadhi ya mikunde huziamsha mbegu za gugu hilo, nazo zikishaamka hukosa mzizi wa kujishikiza, zikafa. Watafiti wa ICIPE, shirika la kimataifa la utafiti wa wadudu, wenye kituo chao Mbita kwenye ziwa hili hili, waliuonyesha uwezo kama huo katika mmea wa desmodiamu, ambao sasa wakulima wengi wa huku wanaupanda kati ya mistari ya mahindi. Sisemi kwamba mama yangu alikuwa mwanasayansi. Nachelea kumvika koti ambalo hakuliomba. Nasema alikuwa akitazama, akijaribu, akikumbuka matokeo ya msimu hadi msimu, na kazi hiyo haimo katika maneno "mama wa nyumbani".

Hata munyu, ile chumvi ya majivu, ulikuwa na hesabu yake. Maganda makavu ya maharagwe yalichomwa, majivu yakatiwa katika kopo lililotobolewa matundu chini, maji yakamiminwa juu, na yale yaliyodondoka polepole, yenye rangi ya chai ya mkandaa, ndiyo yaliyotiwa mbogani. Munyu kidogo huilainisha mboga ya kunde na mrenda upesi, na kuiva upesi ni kuni chache. Ni kweli kwamba ukizidisha unaziua vitamini, na walimu wetu wa sayansi kimu walituonya sana juu ya hilo, ila walimu wenyewe hawakuwa wakibeba kuni.

Sasa nifike kwenye jambo gumu. Dada yangu ameketi safu ya pili na amenipa ruhusa ya kulisema, kwa sharti moja nitakalolitaja. Serikali ilikuwa imeondoa karo ya madarasa manne ya kwanza mwaka 1974, na ya shule ya msingi iliyobaki mwaka 1979, ijapokuwa pesa za majengo na michango mingine zilijua njia ya kurudi kwa mlango wa nyuma. Sekondari ilikuwa ya kulipiwa. Mwaka 1982 dada alifanya mtihani wa darasa la saba akapata nafasi ya kidato cha kwanza. Kaka yetu alikuwa tayari sekondari, deni la miwa lilikuwa halijaisha, na nyuma yake tulikuwa bado wavulana wawili. Barua ikaandikwa Nakuru. Safari hii jibu halikusema "ungoje nije". Mimi ndiye niliyelisoma kwa sauti jikoni, nikiwa na miaka kumi na mmoja: "Mama watoto, hilo amua wewe."

Aliamua dada abaki. Mimi niliufanya mtihani wa KCPE mwaka 1985, tukiwa kundi la kwanza kabisa la darasa la nane, nikaenda sekondari kwa maziwa ya jioni, kwa mayai, na kwa jembe la dada yangu katika palizi ya miwa. Tukisema kwamba mama alijitolea kwa ajili ya watoto wake, hatuna budi kuongeza kwamba sehemu ya alichokitoa haikuwa yake. Naamini alikosea, ingawa naelewa hesabu aliyoifanya na nani aliyemwachia aifanye peke yake. Sharti la dada ni hili: nisiseme kwamba alikubali, kwa sababu hakuulizwa.

Pengine mtasema hayo ni ya zamani, sheria zimebadilika. Zimebadilika, nami nazishukuru. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, inapoeleza maana ya mchango, inataja kazi za nyumbani, malezi ya watoto, usuhuba, usimamizi wa biashara au mali ya familia, na inataja waziwazi kazi ya shambani. Nilipousoma mstari huo mara ya kwanza nilihisi kama mtu aliyelikuta jina la mama yake gazetini. Lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ilifafanua kwamba usawa wa wanandoa unaozungumzwa katika Kifungu cha 45 cha Katiba haumaanishi kwamba mali itagawanywa nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja huthibitisha mchango wake. Sibishani na majaji. Nauliza tu mwanamke aliyepalilia ekari tatu za miwa kwa miaka ishirini, katika mkataba usio na jina lake, atathibitisha kwa karatasi gani.

Usiku wa kuamkia maziko, vijana waliokuwa wakitafuta kuni za moto wa matanga waliung'oa mlango wa jiko la mama. Ulikuwa mlango wa mvule, mzee, umepinda. Jiko lilikuwa limejengwa upya mara mbili, na kila mara mama aliwakatalia mafundi wasiweke mlango mpya, nasi tulidhani ni ubahili. Dada aliwakimbilia vijana wale huku akipiga kelele hata watu wakafikiri ni kilio kipya. Aliuegemeza ukutani, upande wa ndani ukitazama moto, akatuonyesha.

Ulikuwa umejaa chale za kisu. Chale fupi ilikuwa gorogoro ya mahindi iliyokopeshwa, ndefu ilikuwa debe, iliyokatwa kwa mkingamo imelipwa. Nukta zilizotobolewa kwa msumari zilikuwa siku za palizi alizowadai wenzake wa kikundi au walizomdai. Dada alizisoma mfululizo kama mtu asomaye gazeti, akitaja nani, msimu gani, kiasi gani, na majirani waliokuwa wakiota moto wakawa wanaitikia, mmoja akicheka, mwingine akiuliza kama deni lake la mwaka wa ukame bado linahesabiwa. Chini kabisa, karibu na bawaba, kulikuwa na safu za karo, chale moja kwa kila muhula uliolipwa: ya kaka, yangu, ya mdogo wetu. Juu yake kulikuwa na safu nyingine yenye chale mbili tu. Dada aliisoma kwa sauti ile ile, "Hii ilikuwa yangu, alianza kuweka," akaendelea na nyingine.

Asubuhi kaka alimpigia simu mchapishaji abadilishe neno moja, aandike "mkulima". Yule bwana alitaka kwanza kuhakikisha kama hatukuchanganya wasifu wa mama na wa baba.

Mlango uko kwa dada, na bado unafunga jiko. Mwenyekiti, naona muda wangu umekwisha, na pale nyuma kuna mama mmoja ambaye ameuinua mkono tangu nilipotaja munyu. Nadhani nimekosea kipimo. Tafadhali apewe kipaza sauti.