Sentro laini kwa watoto wadogo: sindano ikishatoka ndo kazi inaanza

Poleni na foleni ya Ubungo, wa nyuma sogeeni maana hii maiki inakatakata. Najua ukisema sentro laini kwa mtoto, yaani ule mrija mwembamba (katheta) tunaoupitisha kwenye mshipa mkubwa hadi karibu na moyo, kila mtu anawaza kutoboa ateri, ule mshipa unaotoa damu kwenye moyo, au pafu. Yapo hayo. Kichanga shingo fupi, mshipa mdogo, ukigandamiza probu ya ultrasaundi kidogo tu unapotea kwenye skrini, na ukimgeuza shingo sana mshipa unaikalia ateri, ukipitiliza umeichoma. Shingoni utabonyeza damu ikate, ila chini ya mtulinga utabonyeza wapi? Na damu yenyewe ni kama mililita 80 kwa kilo, mtoto wa kilo 4 hafikishi hata soda moja ya kopo.

Lakini mimi kinachonitisha ni baadaye. Mtu kashashona, kila mmoja kapumua, ncha ya katheta hamna aliyeangalia imeishia wapi. Ikikaa ndani ya moyo inasugua ukuta, siku zinaenda, inatoboa, dripu inajaa kwenye mfuko wa moyo na moyo unabanwa. Mtoto alikuwa poa kabisa presha inashuka ghafla, watu wanakimbilia kuongeza maji, tena kwa laini ileile!! Wadogo zangu, simamisha dripu kwanza, vuta kwa sirinji uone kinachotoka, ita ultrasaundi ya moyo. Ndo maana eksirei sio ya kupamba faili, kwa laini ya shingoni au kifuani itafute ncha usawa wa pale bomba la hewa linapogawanyika.

Waya nao, ule wa kuongozea katheta wakati wa kuiingiza, mapigo yakianza kurukaruka kwenye monita urudishe nyuma, na usiuachilie utoke mkononi hata kidogo.

Kinena wengi mnakipenda kwa sababu pale hamna pafu, kweli, ila kuna nepi, na uchafu wake unapeleka vijidudu kwenye laini. Ongeza joto letu hili la Dar, jasho, plasta inabanduka na mtu anaibandika ileile. Manesi hapo ndo nawategemea kuliko hata madokta, sugueni mdomo wa laini kwa spiriti kila mnapoifungua, na asubuhi mtu aulize hii laini bado ina kazi gani? Kama kanula ya mkononi inatosha toeni, na wakati wa kutoa mtoto alale chali, bonyeza, funika kwa plasta isiyopitisha hewa, maana hewa inaweza kuvutwa ndani hata katheta inapotoka.