Ukishasema asilimia 25, mzazi kasikia nini?

Haya jamani, wa nyuma mnanisikia? Sawa. Nimeombwa niongee na nyie manesi na matabibu watarajiwa kuhusu ushauri nasaha wa vinasaba, na mimi nitabaki kwenye selimundu tu, sikoseli, maana ndo mtakayokutana nayo, inakadiriwa Tanzania wanazaliwa watoto kama 11,000 kila mwaka na ugonjwa huu, kwahiyo utake usitake, ukipangiwa wilayani huyo mama atakuja kukaa mbele yako.

Biolojia mnayo, siirudii. Baba AS, mama AS, yaani kila mmoja kabeba kinasaba kimoja cha selimundu, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuwa SS, yaani karithi viwili na ndo mgonjwa. Umesema, umeandika kwenye kadi, unaona umemaliza. Hebu sasa muulize yeye kasikia nini. Wengi watakwambia basi huyu mgonjwa ndo yule mmoja, watatu wanaofuata watakuwa wazima. Na ukiyapima maneno uliyompa, ana haki kabisa ya kuelewa hivyo! Mimi huwa natoa sarafu mbili za mia mbili, hii ya baba hii ya mama, Karume huku simba kule, nawaambia warushe wenyewe, simba wawili ndo SS. Wakirusha mara kadhaa wakaona simba wawili wametoka halafu wametoka tena, hapo ndo inaingia kwamba kila mimba inaanza upya. Halafu taja pande zote mbili, 25 ya kuumwa na 75 ya kutokuumwa ugonjwa wenyewe, ukitaja upande mmoja tu ushamsukuma bila kujua.

Ila namba ndo sehemu rahisi. Ngumu ni lawama. Baba anakunja mikono, “kwetu hakuna ugonjwa huu”, mama anaangalia chini. Mtu wa AS kwa kawaida haugui, kwahiyo kwenye ukoo kitu kinaweza kupita vizazi na vizazi hakuna anayejua, liseme hilo mapema, kwa sauti, baba akiwepo: nusu imetoka kwako, nusu kwa mama, na hakuna aliyechagua.

Sasa hapohapo kuna mtego. Mnapima wazazi, mtoto SS, baba anatoka AA, yaani hana kinasaba hicho kabisa. Kuna hali chache za kitaalamu zinazoweza kuleta hivyo, na maabara nayo inakosea, kwahiyo rudia kipimo, lakini mara nyingi jibu ni lile mnalolifikiria nyote hapo mnavyoangaliana. Hili huliwazi majibu yakishatoka, unaliwaza kabla ya sindano. Mkae na mama peke yake, mwambie kipimo hiki kinaweza kuonyesha na mambo ya nani mzazi, je anataka kiendelee? Ndoa imevunjika kwa nesi kusoma majibu koridoni, yaani koridoni kweli.

Na tafadhali AS msiite ugonjwa. Marekani miaka ya 70 walipima watu weusi kwa wingi, majimbo mengine kwa sheria, maelezo yakawa hovyo, wabebaji wakachanganywa na wagonjwa, watu wakanyimwa kazi na bima, chuo cha jeshi la anga kiliwafungia mlango mpaka 1981. Damu zilipimwa vizuri tu, maelezo ndo yaliharibu.

Kuna swali lazima mtaulizwa: “Sista, ingekuwa wewe ungezaa tena?” Vitabu vinasema usijibu. Sheldon Reed, aliyeipa kazi hii jina mwaka 1947, alitaka ushauri utengane na ile siasa ya kuchagua nani azae nani asizae, na baada ya yale ya Hitler unaelewa kwanini. Nakubali. Lakini huku kwetu mtu akikuuliza hivyo anakuheshimu kama dada mkubwa, ukimjibu “uamuzi ni wako” halafu kimya, anaona umemtupa. Mimi namuuliza kwanza, ni kitu gani hasa kinakutisha? Mwingine hofu yake ni hela ya haidroksiyurea, dawa ya selimundu, mwingine mama mkwe, mwingine alimzika mdogo wake na anaona ndo yanajirudia. Kila mmoja ana mazungumzo yake, na ukishajua lipi ndo mnaanza kuongea, hata kama foleni nje imefika getini.

Haya, maswali. Dada wa mwanzo pale.