Kalamkari ya Srikalahasti: tuchore nguo kwa kalamu ya mwanzi

Karibuni tena, wapenzi watazamaji. Leo tunachora nguo kwa kalamu, na sisemi kwa mafumbo. Kalamu yenyewe hii hapa, ya mwanzi, imevimba katikati kama kidole kilichofungwa bendeji. Kazi hii inaitwa kalamkari. Nusu ya kwanza ya jina hilo Mswahili hahitaji kutafsiriwa, kalamu ni ileile. "Kari" ni Kiajemi, maana yake kazi. Tunafuata mtindo wa Srikalahasti, mji wa Andhra Pradesh kusini mwa India, si mbali na Tirupati, wenye hekalu kubwa la Shiva na mto Swarnamukhi kando yake.

Tutafanya kipande cha mita moja, kwa rangi tatu: nyeusi, nyekundu na njano. Buluu ya nili nimeiacha makusudi. Nili ina mtungi wake na vituko vyake, nikiichanganya humu tutakesha.

Sasa sikiliza, kabla hujanunua hata kitambaa, nenda ukaweke chungu. Kinachukua wiki tatu, nawe ukikiacha mwisho utakaa na nguo iliyo tayari huku wino huna.

Chungu ni hiki. Nimetia vyuma chakavu vyenye kutu, nusu kilo hivi: misumari ya zamani, bawaba iliyovunjika, kipande cha nondo. Misumari inayong'aa ya mabati usiitie, ile imepakwa zinki na haitoi weusi. Juu yake sukari guru gramu 200 iliyopondwa, halafu maji lita mbili. Funika kwa kitambaa, usikaze kifuniko, maana humo ndani sukari inachacha na hewa inataka pa kutokea. Kwanza inakuwa kama pombe, kisha inageuka siki, na siki ndiyo inayokula chuma polepole. Koroga kila baada ya siku mbili tatu kwa kijiti. Povu likipungua na harufu ikawa kali ya siki, chuja. Weka chungu uani, tafadhali. Mimi wiki ya kwanza nilikiweka jikoni, na nyumbani kwangu wakaniuliza kama nimeanza kupika gongo.

Sasa nguo. Chukua amerikani, ile pamba isiyopaushwa, ya rangi ya maziwa yaliyoganda. Usichukue tetroni wala mchanganyiko wa nailoni; rangi hizi zitateleza tu. Amerikani mpya ina wanga wa kiwandani, kwa hiyo iloweke usiku kucha, asubuhi uipige kwenye jiwe au uifue kwa nguvu, usuze mpaka maji yawe meupe. Kule mafundi huiloweka pia kwenye maji ya mavi ya ng'ombe na kuianika juani ili iwe nyeupe na laini. Ukiwa na ng'ombe, jaribu. Mimi nafua mara mbili, basi.

Hatua inayofuata ndiyo roho ya kazi yote, kwa hiyo sogea karibu.

Unahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni tunda kavu, gumu, lenye mikunjo kama kokwa ya tende iliyozeeka. Kwa Kitelugu wanaliita karakkaya. Kwa wauza dawa za Kihindi uliza "harde" na watakuelewa. Nunua la unga au ulitwange mwenyewe, gramu 100. Cha pili ni maziwa. Srikalahasti hutumia maziwa mabichi ya nyati wa kufugwa, kwa sababu yana mafuta mengi. Sisi tutatumia ya ng'ombe, mabichi, yenye malai yake, lita moja. Changanya unga na maziwa, yaache saa moja, chuja kwa kitambaa chepesi. Zamisha nguo, ikandekande kwa dakika kumi na tano kila nyuzi ilowe, ikamue sawasawa, kisha ianike juani. Ikikauka itakuwa ya njano hafifu na ngumu kidogo mkononi.

Kwa nini tunda, kwa nini maziwa? Harde ina ukakasi ule unaokukaza ulimi ukila ndizi mbichi. Ukakasi huo ndio utakaokutana na chuma na kufanya weusi. Mafuta ya maziwa kazi yake ni kuuzuia wino usitambae. Nilijifunza hili kwa hasara. Kitambaa changu cha kwanza nilitumia maziwa ya pakiti yaliyoondolewa mafuta, eti ndiyo yaliyokuwepo kwenye friji. Nilichora tausi. Kila mstari ukaota mizizi pande zote, tausi akatoka kama nungunungu aliyenyeshewa. Kitambaa hicho ninacho bado, nafutia meza.

Nguo inakauka, nami nikupe stori wakati tunasubiri. Kazi hii ilikuwa ya mahekalu. Wasimulizi walitundika shuka kubwa zilizochorwa visa vya Ramayana na Mahabharata, tenzi kuu za Wahindu, wakaelekeza kidole picha baada ya picha huku wakisimulia na kuimba. Upande wa pwani, Machilipatnam, ndugu wa kazi hii alichukua njia nyingine: badala ya kuchora yote kwa mkono, wanagonga mihuri ya mbao, na maua yao yana Uajemi mwingi ndani yake, kwa kuwa wateja na watawala wa ufalme wa Golconda walipenda hivyo. Nguo za pwani ile zilipofika Ulaya ziliwapagawisha watu mpaka wafumaji wa kule wakalia njaa. Ufaransa ikazipiga marufuku mwaka 1686, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi 1759. Uingereza nayo ikafuata kwa sheria za 1700 na 1721. Fikiria, serikali nzima inaogopa leso!

Baadaye viwanda vikageuza meza, na kufikia katikati ya karne ya 20 waliobaki Srikalahasti wakiijua kazi walikuwa wachache. Kamaladevi Chattopadhyay, mama aliyezunguka India nzima akitetea mafundi wa mikono, ni mmoja wa waliosukuma kituo cha mafunzo kifunguliwe hapo mwaka 1957. Fundi Jonnalagadda Gurappa Chetty wa mji huo alipewa nishani ya taifa la India, Padma Shri, mwaka 2008. Haya, nguo imekauka.

Kalamu. Kata kijiti cha mwanzi urefu wa penseli, uchonge ncha kwa wembe. Ya kuchorea mistari iwe kali. Ya kujazia iwe butu, na ukiigongagonga ncha kidogo nyuzi zake zitachanuka kama mswaki. Vidole viwili juu ya ncha, zungushia sufu au matambara ya pamba mpaka upate donge la ukubwa wa limau dogo, kisha ulifunge kwa uzi, duru kwa duru. Donge hili ndilo tangi lako. Litazame: unachovya, donge linafyonza, halafu ukilibonyeza kwa kidole gumba tone linateremka kwenye mwanzi mpaka nchani. Ukibonyeza sana umemwaga, ukibonyeza kidogo mstari unakatika. Fanya mazoezi kwenye gazeti nusu saa nzima, hata kama unajiamini.

Mchoro wa awali ni wa mkaa. Wao huchoma vijiti vya mkwaju, na mkwaju sisi tunao. Choma vijiti vyembamba, vikishika moto sawasawa vifukie mchangani vizimike bila kugeuka jivu. Mkaa wake ni laini na hupanguswa kwa mkono ukikosea.

Kuhusu mpangilio, ukiijua kanga una nusu ya kazi. Chora pindo kwanza kuzunguka pande nne, halafu mji katikati. Pindoni nachora ule umbo wenye shingo iliyopinda ambao Wahindi wanauita embe, na sisi kwenye kanga tunauita korosho. Mjini naweka mti wenye ndege wawili. Ukitaka watu, mafundi wana desturi zao: miungu Krishna na Rama hupakwa buluu, wanawake njano, majini na mahasimu wekundu. Kwa mara ya kwanza shika ndege.

Sasa chovya kwenye maji ya chuma. Tazama rangi yake kwenye bakuli: maji ya chai ya rangi, wala huwezi kuyaita wino. Nagusa nguo... unaona? Mstari unaingia wa kijivu, na kabla sijafika mwisho wa shingo ya ndege nyuma yake umeshakuwa mweusi tititi. Sijawahi kuchoka kuangalia hili. Rangi haikuwepo kwenye bakuli. Imezaliwa hapo juu ya nguo, chuma kilipokutana na harde. Ndiyo maana ukisahau kuloweka harde utachora siku nzima na kupata madoa ya kutu.

Usipake weusi mzito, na usirudie mstari mara tatu. Chuma kinakula pamba. Kwenye nguo za kale zilizohifadhiwa utakuta pengine nyekundu ingali imara ilhali mistari myeusi imelika na kuacha mianya. Mstari mmoja, mwembamba, songa mbele.

Acha nguo ikae hadi kesho, isuze kwa maji mengi, ianike.

Nyekundu inakuja kwa mlango wa nyuma. Hatupaki wekundu, tunapaka shabu (alum), nayo ndiyo itakayoishika rangi baadaye. Saga vijiko viwili vya shabu, yeyusha kwenye kikombe cha maji ya moto, acha ipoe. Shabu ni maji tu, ukipaka huoni ulipopita, kwa hiyo naongeza unga kidogo wa rangi nyekundu nitakayoitaja sasa hivi, ili unionyeshe njia. Kwa kalamu butu, jaza kila sehemu unayotaka iwe nyekundu: kifua cha ndege, matunda, korosho za pindoni. Usiguse pengine. Iache saa 24 kamili ishike.

Kisha osha, na hapa uwe mkarimu wa maji. Srikalahasti hupeleka nguo mtoni, wakaiachia mkondo uipitie ikiwa imetandazwa ili shabu iliyozidi iondoke bila kugusa sehemu nyingine. Swarnamukhi ni mto wa msimu, wala si mwaka mzima una maji ya kutosha. Sisi tumia bomba au ndoo tatu nne, nguo ikiwa wazi. Ukiikunja ikiwa na shabu mbichi, ndege wako atapiga chapa upande wa pili.

Rangi sasa. Inaitwa manjistha, mizizi ya mmea wa kutambaa, na utaipata dukani kulekule ulikonunua harde. Tia gramu 150 kwenye sufuria kubwa ya maji, tumbukiza nguo maji yakiwa ya baridi, washa moto mdogo. Pandisha joto polepole kwa saa moja, ukigeuza kwa mwiko mrefu ili isitoke mabaka. Maji yasitokote kwa fujo, wekundu utageuka hudhurungi. Baada ya dakika ishirini inua pembe moja: pale penye shabu pamewiva, kwingine pamekuwa waridi hafifu.

Waridi hilo lisikutishe, linaondoka. Fua kwa maji bila sabuni, tandaza nguo kwenye majani juani, na kila ikikauka inyunyizie maji. Siku mbili au tatu hivi, uwanja unapauka na wekundu wenye shabu unabaki palepale.

Kabla ya njano, nguo inarudi kwenye maziwa, safari hii matupu, bila harde, dakika kumi, kamua, anika. Weusi na wekundu vimeshashika, lakini njano bado inahitaji kuzuiwa isitambae. Njano mimi naipata kwenye maganda ya komamanga. Chemsha maganda ya matunda matatu kwenye nusu lita ya maji mpaka yabaki nusu, chuja, tia kijiko kidogo cha shabu. Paka kwenye mbawa, maua na mashina. Ukiipitisha juu ya wekundu kidogo inatoa rangi ya machungwa, na huo ndio ujanja wangu wa kupata rangi ya nne bila kununua kitu.

Acha siku moja, suza mara ya mwisho. Harufu ya maziwa itakaa siku chache, usiogope, anika kivulini penye upepo. Pinda kingo kwa mkono. Tangu hapo fua kwa maji baridi na sabuni laini, na dawa za kupaushia zikae mbali nayo.

Ile sufuria ya manjistha usiimwage bado. Loweka kitambaa chochote cha pamba kwenye shabu usiku, kitumbukize humo kesho yake, utapata waridi safi ya kilemba au kitambaa cha meza. Yangu nimeitumia mara mbili, na ya tatu ilitoa rangi ya maganda ya vitunguu, ambayo binti yangu ameshaichukua.