Nani Alikagua Mizani? Posho ya Serikali kwa Waaborijini wa Australia

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wasikilizaji, niende moja kwa moja kwenye unga.

Bodi ya Ulinzi wa Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa Australia, iliundwa mwaka 1883 huko New South Wales, koloni la Waingereza mashariki mwa Australia. Posho yake ya wiki kwa mtu mzima, kwa kiwango kilichodumu miaka mingi, ilikuwa unga wa ngano ratili 8, sukari ratili 2 na majani ya chai robo ratili. Mtoto alipata nusu ya hapo. Kwa vipimo vyetu ni unga kilo 3.6, sukari gramu 900 na ushei, chai gramu 113. Ukigawa kwa siku saba unapata kama kalori 2,300 kwa siku, kwa hiyo njaa inatulia. Ila huu ni unga mweupe uliokobolewa. Vitamini C hamna, mafuta karibu hamna, protini ni haba. Mtu aliyezoea nyama ya kangaruu, samaki, mizizi na matunda ya porini, akishafukuzwa kwenye ardhi yenye vitu hivyo akaachiwa mfuko wa unga, meno yanaoza, fizi zinalegea, na maradhi ya kifua yakimpata mwili hauna cha kupigania. Na hata posho hiyo haikuwa ya kila mtu. Walengwa walikuwa wazee, wagonjwa na watoto. Mwenye nguvu aliambiwa akatafute kazi.

Sasa tuangalie unga ulivyotoka stoo hadi mkononi, maana hapo ndipo ukaguzi ulipokuwa na kazi. Chukua gunia la ratili 200. Kwa ratili 8 kila mmoja, linatosha watu wazima 25 kwa wiki moja, bila kubaki hata konzi. Lakini kwenye karatasi hakuna unga unaomwagika, hakuna gunia lililolowa mvua likaganda pembeni, hakuna fukusi. Tena mgawaji asipotumia mizani akachota kwa kikombe cha bati, hesabu inaharibika kabisa. Kikombe cha painti moja kikijazwa unga uliolegea kinabeba kama gramu 300. Ukishindilia, unakaribia gramu 400. Ratili ni gramu 453. Mgawaji anayehesabu kikombe kimoja kuwa ratili moja, hata akiwa mtu mwema, anampunja mlaji kati ya gramu 50 na 150 kila anapochota, mara nane kwa kila jina. Unga unaobaki unaweza kuuzwa, kulishwa farasi au kulipia kibarua. Mkaguzi akifika akakuta majina 25 na gunia tupu, anaandika kwamba mambo ni shwari.

Ukaguzi wa kweli ungekuwa na hatua nne. Pima shehena iliyobaki kwenye mizani. Linganisha na stakabadhi za mzigo uliopokelewa. Waite watu kwa majina yaliyo kwenye orodha, uone nani yupo, nani kafa, nani hajawahi kuwepo. Halafu wahoji walaji, mgawaji akiwa hayupo. Hatua mbili za kwanza mhasibu yeyote anaziweza. Ya tatu inataka ujue watu, na ya nne inataka ukubali kwamba neno la Mwaborijini lina uzito mbele ya neno la mzungu mwenye ranchi. Hiyo ndiyo iliyoshindikana.

Blanketi nazo zilikuwa na orodha zake. New South Wales ilizigawa mara moja kwa mwaka, kwa desturi siku ya kuzaliwa mfalme au malkia, na katika enzi ya Victoria hiyo ni tarehe 24 Mei, baridi inapoanza huko. Hakimu alijaza jina la Kiingereza, jina la asili, umri wa kukisia, idadi ya wake, watoto, kabila na mahali mtu alipozoea kukaa. Karatasi hizo, zilizokusudiwa kulinda hazina ya serikali, leo wazao wanazitumia kutafuta ukoo wao na hata kudai ardhi. Mwaka 1844 Gavana Gipps alisimamisha ugawaji wa jumla. Mwaka uliofuata kamati ya baraza la kutunga sheria ilituma maswali kwa mahakimu na makasisi kuhusu hali ya Waaborijini, blanketi zikiwemo. Angalia waliotumiwa maswali ni akina nani.

Australia Magharibi ndiko jambo hili linakoonekana wazi zaidi. Koloni ilipopewa serikali yake mwaka 1890, London haikuwaamini walowezi. Kifungu cha 70 cha katiba kilitenga kila mwaka pauni 5,000, au asilimia moja ya mapato yakizidi kiasi fulani, kwa ajili ya Waaborijini, chini ya bodi iliyowajibika kwa gavana badala ya mawaziri. Walowezi walikichukia kifungu hicho mpaka kikafutwa mwaka 1897. Mwaka 1898 ikaanza idara mpya chini ya Henry Prinsep, yeye na karani, pamoja na mkaguzi wa kuzunguka aliyeitwa G. S. Olivey. Mkaguzi mmoja kwa eneo la kilomita za mraba milioni mbili na nusu! Tanzania nzima inaingia humo zaidi ya mara mbili.

Wagawaji walikuwa polisi, mahakimu, wamisionari na wenye ranchi za kondoo na ng'ombe. Mwenye ranchi aliwatumikisha vijana bila mshahara wa fedha, kisha wazazi wao wakongwe akawaandikisha kama maskini wa serikali na kulipwa gharama ya kuwalisha. Mkaguzi anayefika huko baada ya siku kadhaa za safari anahitaji maji, majani ya farasi na pa kulala, na kwa kawaida vyote viko kwa huyohuyo anayemkagua. Habari za safari yake nazo zimeshatangulia.

Tume ya Walter Roth, iliyoketi mwaka 1904 kuchunguza hali ya Waaborijini wa Australia Magharibi, ilikwenda kwa njia nyingine. Roth aliwaapisha mashahidi na kuwauliza maswali ya fedha. Akakuta kwamba polisi wa kaskazini walilipwa posho ya chakula kwa kichwa, kwa siku, kwa kila mfungwa na kila shahidi wa kesi waliyemleta. Kadiri mnyororo wa wafungwa ulivyokuwa na watu wengi na safari ilivyokuwa ndefu, ndivyo mfuko wa askari ulivyonona. Hilo halionekani kwa kuhesabu magunia. Lazima uulize nani anafaidika na kila jina linaloongezwa.

Ripoti ilitoka mapema 1905, na sheria mpya ya mwaka huo ikapandisha fungu la mwaka la Waaborijini hadi pauni 10,000. Lakini walinzi wa wilaya, yaani maofisa wa kuwalinda Waaborijini, walioteuliwa chini yake wengi walikuwa polisi. Askari yuleyule aliweza kugawa unga asubuhi, kumkamata mlaji mchana kwa kosa la kuua ng'ombe, na jioni kutia sahihi hesabu ya vyote viwili.