Picha ya ndege ya rimoti ina chenga? Anzia kwenye antena

Karibuni. Ndege hii inarusha picha kwa masafa ya 5.8 GHz, na ikisogea mbali kidogo tu miwani ya kutazamia picha inajaa chenga. Wengi hapo huongeza nguvu ya transmita, kile kifaa cha kurushia picha kilicho kwenye ndege. Usianzie huko: ili picha ifike mbali mara mbili, nguvu inatakiwa mara nne, na transmita inachemka.

Chomoa betri kwanza. Fungua antena ya resiva, yaani kifaa cha kupokea picha huku chini, isogeze karibu na jicho hivi. Katikati ya kiungio kuna sindano au tundu? Sindano lazima ikutane na tundu. SMA na RP-SMA, aina mbili za viungio hivi, hujifunga vizuri kabisa kwa nje, kwa hiyo unaweza kukaza tundu kwa tundu ukaridhika, kumbe katikati hakuna kilichogusana. Upande wa ndege kosa hilo linaunguza transmita, maana nguvu iliyokosa antena inarudi ndani. Ndiyo sababu betri haichomekwi kabla ya antena, hata kwa kujaribu.

Sasa soma maandishi kwenye antena za uyoga, zile zenye kichwa cha mviringo. RHCP inazungusha mawimbi kulia, LHCP kushoto. Ya ndege na ya resiva ziwe za aina moja. Ukichanganya unaweza kupoteza desibeli 20, yaani unabaki na sehemu moja ya mia.

Kwenye ndege, antena isimame wima, mbali na betri, waya za mota na fremu ya kaboni. Ncha yake ndiyo upande dhaifu, isielekee kwako.

Chini, funga resiva juu ya mwanzi wa mita 2 au 3. Mianzi Iringa haikosi. Ipandishe resiva yenyewe, kisha refusha waya wa picha na wa umeme. Usirefushe waya wa antena: mita moja ya waya mwembamba inaweza kula nusu ya mawimbi. Kimo hicho kina sababu. Kwa umbali wa kilomita 1, pale katikati, mawimbi yanataka nafasi wazi ya kama mita 3.6 kila upande wa mstari wa kuonana.

Ukiwa Mufindi, usisimame nyuma ya misindano. Ukungu wa asubuhi hausumbui masafa haya. Majani yaliyolowa ndiyo yanayomeza picha. Na kule Mbeya, ndege ikizama nyuma ya mlima hakuna antena itakayoiokoa. Igeuze mapema.

Ukiona mistari inayozidi kila unapoongeza kasi ya mota, hiyo ni kelele ya umeme, antena haihusiki. Unganisha kapasita ya mikrofaradi 470, volti 35, pale waya za betri zinapoingia kwenye ESC, kifaa kinachodhibiti kasi ya mota, chanya kwa chanya.

Kisha pima. Weka transmita kwenye miliwati 25, toa propela, mwenzako aibebe ndege akitembea mpaka chenga zianze. Hesabu hatua. Badilisha kitu kimoja tu, urudie. Hatua zisipoongezeka, kirudishe kilivyokuwa, ujaribu kingine.