Taj Mahal nimeizunguka nikiwa kwenye mkeka

Asalaam alaykum, habari za jioni, asanteni kwa kuja na mvua yote hii. Nianze na kukiri, India sijafika, pasipoti yenyewe sina, ila Taj Mahal nimeizunguka miezi mitatu nikiwa kwenye mkeka hapo barazani kwangu, simu mkononi, bando lile la usiku la bei poa, na leo nataka niwaambie kitu kimoja tu nilichokiona huko.

Ile picha mnaijua wote. Iko kwenye kalenda za maduka, iko kile kijumba cha glasi kwenye kabati la sebuleni, maji mbele, jumba jeupe nyuma, minara minne. Sasa mi nasema ile picha ndo imetuponza, maana ukishaizoea unadhani lile jengo lina uso mmoja tu kama fremu ya duka.

Kisa chenyewe mnakijua nakipita haraka, Shah Jahan mfalme wa Kimughal, ule ukoo wa Kiislamu uliotawala India, mkewe Mumtaz Mahal alifariki 1631 kule Burhanpur akijifungua mtoto wa 14 (wa kumi na nne jamani!), mwaka uliofuata ujenzi wa kaburi lake, ndo hiyo Taj, ukaanza mjini Agra, na ukijumlisha mageti na bustani kazi ilifika kama 1653 ndo wakamaliza.

Basi siku moja nikaacha kuangalia picha nikafungua ramani ya setilaiti, yaani unaangalia toka juu kama kunguru. Nikashtuka. Wamughal bustani zao zinakatwa vipande vinne kwa mifereji, na kaburi linakaa kati, angalieni la Humayun, mfalme wao wa zamani, pale Delhi, liko kati kabisa. Taj haipo kati! Imesukumwa mwisho huko, ukingoni mwa mto Yamuna, na katikati ya bustani kuna kibwawa tu. Nikajiuliza hawa mafundi walikosea au, watu waliopima kila jiwe la sakafu?

Nikasogeza kidole nikavuka mto. Ng'ambo kuna mraba mwingine wa kijani, umenyooka na Taj mstari mmoja, unaitwa Mehtab Bagh, bustani ya mbalamwezi. Zamani watu wakisema pale ndo msingi wa Taj nyeusi, ati mfalme alitaka na yeye kaburi lake la marumaru nyeusi, na chanzo cha maneno ni msafiri Mfaransa Tavernier aliyepita Agra 1665. Miaka ya 1990 wakachimba. Taj nyeusi hamna, walichokuta ni bwawa kubwa la pembe nane, na mawe meusi yaliyokutwa pale kumbe ni meupe yaliyobadilika rangi kwa umri. Na bwawa limekaa pale ambapo mwezi ukiwa mpevu unaiona Taj kichwa chini kwenye maji.

Sasa hesabu bustani zote mbili, huku moja kule moja, mto kati. Kaburi limerudi katikati! Mto mzima wameufanya mfereji wa bustani yao, wale watu walikuwa na jeuri bwana. Na mfalme mwenyewe alikuwa anakuja kwa mashua toka ngomeni kwake hapo hapo Agra, anapandia upande wa mtoni, ile ya kwenye kalenda ni mandhari ya mtu aliyeingilia getini. Sisi wa pwani hili tusilishangae, miji yetu ya zamani uso wake uko baharini, ukija na basi umeingilia uani.

Kingine nilichokipenda. Magharibi ya kaburi kuna msikiti, kwao kibla ni magharibi, na mashariki kuna jengo pacha lake kabisa, ila haliswaliki kama msikiti maana linatazama kinyume, limejengwa ili mizani isiende upande. Wao wanaliita jawab. Ndo jawabu yetu hii hii! Jengo moja linauliza jingine linajibu.

Simu ina mwisho wake lakini. Ndani ya kaburi kupiga picha marufuku, kwahiyo msafiri wa mkekani anaishia mlangoni, ya ndani nimeyapata kwa kusoma. (Na huko nimesoma kwamba marumaru ikianza unjano wanaipaka udongo wa multani, ule ule dada zetu wanapaka usoni, alafu wanaosha.)

Turudi kwa Shah Jahan, mwaka 1658 mtoto wake Aurangzeb alimpindua akamfungia kwenye ngome ya Agra, miaka minane anaiangalia Taj kwa mbali. Nilichora mstari kwa kidole toka ngomeni mpaka kaburini, ile sura ya kalenda haipati hata kidogo, alichokuwa anakiona ni ubavu na mgongo wa mtoni. 1666 akafa, maiti ikapelekwa kwa mashua. Mkewe alishalazwa katikati kabisa ya jumba, nafasi haipo, wakamweka pembeni yake upande wa magharibi, na ndani ya lile jengo lote lililopimwa kulia sawa na kushoto, kilichokaa upande ni kaburi lake tu.

Haya, maswali, nani anaanza?